Mbaruti wa asili, usiung'oe

Umeuliza kama uung'oe mmea wa miiba ulio kwenye picha yako. Usiung'oe bado. Kwa ninavyouona, jani la kijivu lenye kingo za mawimbi kwenye mteremko mkavu wa Colorado, huo ni Cirsium undulatum, mbaruti wa asili wa magharibi ya Marekani. (Sio mbaruti wetu wa maua ya njano unaoota mashambani; ule ni jamii nyingine kabisa.)

Hakikisha hivi: geuza jani. Likiwa na sufi nyeupe chini, na juu pia lina vinyweleo laini vya kijivu, uko sawa. Kisha tazama magamba chini ya ua: kila moja lina mstari mweupe mgongoni, na ukiugusa unanata. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini zaidi.

Ule mgeni kutoka Ulaya, Cirsium vulgare, jani lake lina vimiiba vinavyokwaruza upande wa juu, na shina lina mabawa ya miiba kutoka juu hadi chini. Carduus nutans, mgeni mwingine, nao huinamisha kichwa cha ua. Cirsium arvense, mgeni pia, una vichwa vya maua vidogo vingi, na huenea kwa mizizi hadi kufunika eneo zima.

Watu wengi hunyunyizia dawa kila chenye miiba, kosa kubwa. Hata yule fukusi Rhinocyllus conicus, aliyeletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960 kupambana na Carduus, aliishia kula mbegu za mbaruti wa asili, huu ukiwemo. Nyuki wanaufuata sana. Subiri uchanue utaona.