Kupiga kambi Buyangu na ukoo wa watu 31: hesabuni wapishi kabla ya mahema

Aliyeuliza anataka kujua kama inawezekana kuwapeleka jamaa wapatao thelathini, kuanzia nyanya hadi watoto wa chekechea, kupiga kambi siku tatu wakati wa likizo ya Desemba, na kama ni heri nyanya aachwe nyumbani. Inawezekana, na nyanya asiachwe. Sisi tumekwenda mara mbili katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, upande wa Buyangu, tukiwa watu 31, na safari ya kwanza ilituharibikia mahali ambapo hatukupadhania, yaani jikoni.

Tulikuwa tumehesabu mahema, magodoro, neti na viti vya matatu tulizokodi kutoka Kisumu, lakini hatukuhesabu mikono ya kupika. Kwa hiyo kazi iliwaangukia wale wale inaowaangukia kwenye matanga na harusi: shangazi zangu wawili na wake wa ndugu zangu. Walianza kusukuma chapati saa kumi jioni, na tulikula saa nne usiku, watoto wengi wakiwa wamekwisha kulala. Kesho yake, sisi wengine tulipokwenda kutazama maporomoko ya mto Isiukhu, wao walibaki wakisugua sufuria. Tuliporudi nilimkuta mke wa kaka yangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, masizi yamempanda hadi kwenye viwiko, akaniambia, "Shemeji, huu msitu mimi nimeuonea moshini tu." Neno hilo lilinichoma, na hadi leo naliona kuwa kosa letu kubwa kuliko yote tuliyoyafanya safarini.

Safari ya pili tuligawana vikundi vinne kabla ya kuondoka nyumbani, kila kikundi kikiwa na wanaume, wanawake na vijana wa sekondari, na kila kimoja kikapewa zamu yake ya kupika na kuosha vyombo. Wajomba walilalamika, kisha wakapika. Githeri ilichemshwa nyumbani ikabaki kuungwa tu, mandazi yalikuja yamekwisha kukaangwa, na ugali ulisongwa mara moja kwa siku, ambapo pakiti tatu za unga za kilo 2 zilitutosha kwa mlo mmoja. Bebeni meko mbili za gesi na msitegemee kuokota kuni, kwa maana ile ni hifadhi ya taifa. Maji tuliyabeba kwenye mitungi, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, vikombe na sahani za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kuingizwa katika hifadhi zetu. Ada ya kuingia nayo hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, si taslimu, basi mtu mmoja awalipie wote mapema badala ya kila familia kuhangaika na simu langoni.

Kuhusu mvua, msidanganywe na Desemba. Msitu huu hupata takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na hata katika miezi ya ukavu mawingu yanaweza kufunga alasiri. Simikeni mahema mahali palipoinuka, na matembezi yenu yaanze saa kumi na mbili unusu asubuhi, wakati ambapo mbega wanaonekana vizuri juu ya miti wakiwa na mikia yao mirefu yenye kishungi cheupe. Chakula kifungieni ndani ya gari. Kima wa pale hawaogopi watu, na mkate ulioachwa mezani hauwangoji wenye nao.

Sasa nyanya. Yeye tulimlipia banda, yaani nyumba ndogo ya wageni iliyomo hifadhini, pamoja na mjukuu mmoja wa kulala naye, kwa sababu hema la chini si la magoti ya umri wake. Asubuhi ya pili alitembea nasi polepole kwenye njia tambarare, na mjukuu nyuma yake akabeba kiti. Kiongozi wetu wa matembezi aliposimama mbele ya mti mmoja wenye gome jeusi lililopasukapasuka na kuanza kuueleza, nyanya aliinama, akaokota jani lililoanguka, akalifikicha na kuwapa watoto wanuse ile harufu yake chungu kama ya lozi. "Mwiritsa," alisema, kabla kiongozi hajalitaja jina. Kisha akasimulia jinsi babu yake alivyobandua gome lake kwa dawa, upande mmoja tu wa shina, ili mti usife. Kiongozi alithibitisha kwamba ndio Prunus africana, ambao gome lake huuzwa hadi ng'ambo kutibu maradhi ya tezi dume, na ambao umekatwa hovyo mahali pengi. Watoto waliokuwa wakivutana kwa ajili ya darubini walinyamaza wote, na walipomaliza kuuliza maswali tayari jua lilikuwa limepanda.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza kwa kuweka nafasi ya banda la nyanya, maana mabanda ni machache na Desemba hujaa mapema, halafu andika zamu za jikoni na uwasomee wote kabla hamjapanda gari.