Wadogo zangu wa kidato cha sita, mahafali si siku ya kuagana

Kila mwaka picha za mahafali ya kidato cha sita zinapoanza kuzagaa kwenye simu za watu, natamani kuwakalisha chini wadogo zangu wanaomaliza niwaambie jambo moja: msiiachie siku ile kazi ya kuwaaganisha. Haiwezi. Mahafali yetu hapa Tanzania yana kichekesho chake, maana mnapongezwa kwa kuhitimu wakati mtihani wa Taifa hata hamjaugusa. Keki inakatwa, mzazi anakuvisha shada la maua ya plastiki lenye nyuzi za kumeta, mnapigwa picha mpaka mashavu yanauma, jioni wageni wanaondoka, na usiku kengele ya prepo, kipindi cha kujisomea, inalia kama kawaida. Mhitimu anarudi darasani na pilau tumboni kufungua madesa, yaani notisi za kurithishana.

Ile ni siku ya wazazi na mgeni rasmi, na sina ugomvi na hilo. Mama aliyesafiri kutoka Sumbawanga ana haki ya kupiga vigelegele mpaka sauti ikauke. Ila risala ya wahitimu, ambayo ndiyo ingekuwa neno lenu la kuaga, mara nyingi haiwi lenu. Ya kwetu iliandikwa na kamati iliyokabidhiwa risala ya mwaka uliotangulia ili waifuate. Idadi ya wahitimu ikabadilishwa, changamoto zikabaki zile zile: uzio, maji, gari la shule, upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati. Mgeni rasmi akaahidi mifuko ya saruji, makofi yakapigwa, tukahamia kwenye chakula.

Kama uko kwenye kamati mwaka huu, pigania aya moja tu. Aya ambayo shule nyingine ikiisoma haitadhani inasemwa yenyewe. Sisi tulikuwa shule ya bweni ya serikali, Nyanda za Juu Kusini, na tungeweza kusema habari za ukungu wa mwezi wa saba tulioupokea tukiwa wageni wa kidato cha tano, wenzetu wa Tanga na Mtwara wakilala na masweta mawili na soksi. Au mama wa jikoni aliyekuwa akimtengea uji mtu aliyeamka na homa bila kuambiwa na mwalimu yeyote. Hayo hayamo kwenye risala, na hao ndio watu mnaowaacha.

Sasa nije kwenye kuagana kwenyewe. Mtihani unapoanza mwezi wa tano, wote mnakaa pamoja kwenye GS, General Studies, karatasi ya kila mtu. Baada ya hapo kila kombi, yaani kila mchepuo wa masomo, na ratiba yake, na hapo ndipo darasa linapovunjika bila mtu kutangaza. Watu wa sanaa wanamaliza, wanafunga tranka, wanapanda basi, huku watu wa sayansi bado wana praktiko. Tuliyelala naye dabo deka moja, yeye juu mimi chini, alikuwa HKL, Historia, Kiswahili na Kiingereza. Alimaliza karatasi yake ya mwisho mimi nikiwa maabara. Niliporudi bwenini godoro la juu halikuwepo, zimebaki chaga tupu, na ndoo yangu aliyokuwa ameiazima tangu sijui lini ilikuwa imewekwa chini ya kitanda, imesuguliwa mpaka inang'aa, ndani yake kipande cha sabuni ya mche. Sikumlaumu. Basi la kwao lilikuwa linaondoka mchana, na la kesho yake halikuwa na uhakika.

Ndiyo maana nasema muagane kabla ya GS. Chagueni usiku mmoja, wiki mbili hivi kabla ya mtihani kuanza, muombe ruhusa kwa mwalimu wa zamu, mkae darasani kwenu bila spika, bila mshereheshaji na bila keki. Kombi zote kama chumba kinatosha. Wiki ya mwisho msiiguse, watu wanakuwa wamepagawa na mitihani ya miaka ya nyuma na hakuna anayesikia analoambiwa. Usiku huo malizeni ya moyoni: kaka mkuu aliyeandika majina ya wapiga kelele na jina la mtu likaishia kwa mwalimu wa nidhamu, waliogombana kwa sababu ya zamu ya kupiga deki, aliyetangaziwa siri yake paredi. Mkiwa bado mnakula meza moja, kusameheana ni sentensi mbili. Baada ya hapo mwenzako anakuwa Kasulu, wewe Kibaha, na jambo dogo la ndoo linazeeka nalo mtu.

Daftari la kumbukumbu ni jambo jema, lakini mlijaze kwa akili. Watu wanaandika chakula wanachopenda, rangi wanayopenda, na "usinisahau" yenye kopa tatu. Kidato cha tano mlipangiwa shule na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayogawa nafasi hizo, kutoka kila kona ya nchi, mmekaa pamoja chini ya miaka miwili, na shuleni simu hazikuruhusiwa. Namba nyingi zinazoandikwa humo ni za kaka au shangazi, na laini zinabadilishwa kama mashati. Mwambie mwenzako aandike jina lake kamili, wilaya, kijiji au mtaa, na jina la mtu mzima anayejulikana pale. Katika darasa letu kulikuwa na mmoja tuliyemwita Profesa tangu wiki ya kwanza. Alipofiwa na baba yake, miaka kadhaa baadaye, tulitaka kuchanga rambirambi tukagundua kwamba nusu ya kundi hawajui jina lake la pili. Aliyetuokoa ni binti mmoja wa kombi ya HGL ambaye kwenye daftari lake alikuwa amemlazimisha aandike kijiji na jina la mwenyekiti wa kitongoji.

Kuhusu madesa, godoro na tranka: warithisheni kidato cha tano, msiuze. Najua kuna wanaouza, na bei zenyewe ni za kuchekesha. Madesa ya Kemia niliyosomea yalikuwa na miandiko ya watu wanne tofauti, kila mmoja amesahihisha aliyemtangulia kwa kalamu nyekundu, na kwenye kurasa za kemia ya kaboni (organic) mmoja wao alikuwa ameandika pembeni "hapa usikariri, chora". Nilichora. Mtu huyo sijawahi kumwona.

Halafu kuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Tangu mafunzo yake ya mujibu wa sheria kwa wanaomaliza kidato cha sita yaliporudishwa mwaka 2013, baada ya kusitishwa 1994, machozi mengi ya mwezi wa tano yamekuwa ya bure. Unamkumbatia mtu stendi mkilia kama hamtaonana mpaka ahera, majina yanatoka, na muda si mrefu mnakutana kambi ya Mafinga mko kwenye foleni moja na bukta za bluu zinazofika magotini na raba za michezo. Kwa hiyo majina ya kambi yakitoka, tafutaneni kwanza kabla ya kununua vitu. Aliyepangiwa Makutupora na mwenzake wa huko huko wanaweza kusafiri pamoja, na mzazi anayemwachia binti yake safari ndefu analala usingizi.

Matokeo nayo yana adabu yake. Yakitoka, kwa kawaida mwezi wa saba, mtandao wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, unaonyesha namba na si majina, na watu wanadhani namba inaficha. Haifichi kitu. Mlikaa kwenye chumba cha mtihani kwa namba hizo hizo, kila mtu anajua ya nani inafuatana na ya nani. Kubalianeni mapema kwamba hakuna kurusha ukurasa mzima kwenye kundi la WhatsApp. Mwenye daraja la kwanza atajisema mwenyewe, tutampongeza. Mwenye daraja la nne mpigie simu, siku ya pili au ya tatu, na usianze na habari za matokeo. Katika kundi letu kuna aliyeondoka siku ile ile na hakurudi tena, na sababu hakuna aliyewahi kuisema.

Jambo la mwisho ni la makaratasi, na pengine ndilo litakalowasaidia zaidi. Kabla hujaondoka shuleni hakikisha jina lako kwenye usajili wa mtihani linafanana herufi kwa herufi na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inataka cheti hicho kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na "Yusuph" wa kule na "Yusuf" wa huku watakupeleka kwa wakili kula kiapo wakati wenzako wameshatuma maombi. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne iandike mahali pasipopotea, utaulizwa kila mlango utakaobisha. Fomu ya kuthibitisha kwamba hudaiwi kitu cha shule ijaze siku ambayo mkutubi na mtu wa maabara wote wapo, si asubuhi ya basi.

Na vyeti vyenyewe vya NECTA havitoki pamoja na matokeo, vinakuja shuleni baadaye, kila mtu anavifuata kwa wakati wake. Hapo ndipo sisi tulipopata bahati. Wachache tulikubaliana siku moja ya katikati ya wiki, ofisi zikiwa wazi, tukaenda pamoja, na kwa kuwa safari ilikuwa moja tuliweza kuchanga mchele na mafuta kwa ajili ya jikoni. Mama wa uji bado alikuwepo. Pangeni siku yenu sasa hivi, mkiwa bado mnaonana, na mpige simu kwanza kwa mwalimu wa taaluma kuuliza kama vimefika. Mwende na kitambulisho, na mwenye deni la kitabu cha maktaba aende nacho kabisa.