Ufadhili wa Marekani una kodi: soma hili kabla hujaondoka Mwanza

Vijana wa hapa Mwanza wanaopata ufadhili wa kwenda kusoma Marekani hunijia wakiulizia koti la baridi na nauli. Mimi huwa nawavuta kwenye kodi, maana niliishi nayo miaka yote ya masomo yangu kule na ni wachache wanaoambiwa mapema.

"Dada, si wamesema ni ufadhili kamili?" aliniuliza binti mmoja wa Nyegezi, mama yake ameketi pembeni. Tulichukua barua yake na kalamu, tukaigawa. Ada ya masomo, pamoja na vitabu na vifaa ambavyo kozi inamlazimu kila mwanafunzi kuwa navyo, havina kodi, mradi unasomea shahada. Bweni, chakula, nauli ya ndege na posho ya mwezi ni mapato. Mama akaguna: "Hata chakula?" Hata chakula, mama.

Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) au J-1 (ya mpango wa kubadilishana) hukatwa kodi ya zuio, yaani inayokatwa juu kwa juu kabla hujalipwa, ya asilimia 14 kwenye sehemu hiyo ya pili. Pengine pesa huishiki kabisa: chuo kinalipia bweni chenyewe, halafu ile kodi unaikuta imeandikwa deni kwenye akaunti yako ya ada. Jiandae. Na usimuige Mchina mnayekaa naye chumba kimoja. Nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani unaosamehe ufadhili, Tanzania haina.

Kufikia katikati ya Machi utapewa fomu 1042-S. Itunze kama pasipoti. Kisanduku cha 1 kikiwa na namba 16, ni ufadhili. Cha 2 ni jumla ya fedha, 7a ni kodi iliyokatwa. Unazihamishia kwenye ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yako ya mwaka, fomu 1040-NR, ukiambatanisha fomu 8843 ya kueleza ukaaji wako kule kama mwanafunzi. Kama huna namba ya hifadhi ya jamii ya kule, omba ITIN, namba ya mlipakodi, kwa fomu W-7. Usijaze 1040 ya wenyeji. Kwa kawaida mwanafunzi mgeni si mkazi wa kikodi kwa miaka 5 ya kalenda, na ukifika Agosti, mwaka huo unahesabiwa mzima. Programu nyingi za kodi zitakujazia 1040 na kukupa punguzo usilostahili.

Tuseme sehemu yenye kodi ni dola 10,000 na huna kipato kingine. Zuio ni 1,400. Kodi halisi, kwa kiwango cha chini cha asilimia 10, ni 1,000. Hizo 400 ni zako, ila haziji usipowasilisha ritani. Nimeona wenzangu wakiziacha kwa kuogopa fomu, na iliniuma. Risiti za vitabu vya lazima nazo ziweke, zinapunguza sehemu inayotozwa.

Ukitakiwa kufundisha ndipo ulipwe, huo ni mshahara: unapata W-2, fomu ya mshahara na kodi iliyokatwa, na mwisho wa kuwasilisha ni Aprili 15. Majimbo nayo hutofautiana. Texas haitozi kodi ya mapato, New York inatoza.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya kukata tiketi, kiandikie chuo barua pepe: kati ya fedha zangu, kiasi gani ni ada na kiasi gani ni cha kuishi, na kodi yake itakatwa lini?