Simu inajizima na kujiwasha yenyewe: fundi anajibu

Tangu Jumatatu karibu kila anayeniuliza swali analeta tatizo lile lile: simu inajizima, inajiwasha, na mwenyewe hajagusa kitu. Nimechagua maswali sita.

Nauza mboga Kawangware. Simu ikifika asilimia 30, nikifungua kamera inajizima halafu inawaka tena. Fundi mmoja anasema ni bodi, ile sahani ya saketi ndani ya simu, anataka shilingi 4,500. Nimpe?

Usimpe bado, mama. Dalili ulizotaja ni za betri iliyochoka. Betri ya lithiamu ikizeeka, ukinzani wa ndani, yaani kizuizi cha umeme kupita, huongezeka. Chaji ipo, lakini simu ikitaka umeme mwingi kwa ghafla, kama wakati wa kuwasha kamera, volti huanguka na simu inakatika. Ni kama tangi lenye maji nusu ambalo bomba lake limejaa kutu: ukifungua mfereji kidogo maji yanakuja, ukiufungua wote presha inaisha.

Fanya jaribio hili kabla ya kulipa hata shilingi. Chomeka chaja nzuri, kisha rekodi video kwa dakika tano. Simu ikitulia kwenye chaja lakini ikarudia tabia yake ukiichomoa, mshukiwa wa kwanza ni betri. Ila kabla ya kuchomeka chaja, toa kava, uitazame simu kwa ubavu penye mwanga. Ukiona skrini au kifuniko cha nyuma kimeinuka na kuacha mwanya, betri imefura. Izime, usiichaji tena, usiibonyeze wala kuitoboa, maana inaweza kushika moto.

Hata simu za bei kali hupatwa na haya. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri kuukuu ili zisijizime ghafla, kisha ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Kwa hivyo anza na betri, mama. Bodi iulizwe baadaye.

Yangu hujizima na kujiwasha mfululizo nikiiweka mfukoni. Ikiwa mezani haina neno.

Toa kava kwa siku moja uone. Simu nyingi hujiwasha upya kitufe cha kuwashia kikibanwa kwa sekunde kadhaa, na kava iliyobana hufanya hivyo bila wewe kujua. Juzi nilipokea simu ya mpishi wa chapati, amekwisha kuambiwa imekufa. Unga ulikuwa umegandamana ukingoni mwa kitufe, ukakishikilia ndani. Nilitumia mswaki mkavu na tone la spiriti, kitufe kikaanza kuruka tena.

Yangu hujiwasha upya saa tisa usiku, mara moja kwa wiki.

Huenda si ugonjwa. Simu kadhaa, zikiwemo za Samsung, zina mpangilio wa kujiwasha upya kwa ratiba. Utafute kwenye mipangilio, uuzime.

Shida ilianza nilipoweka programu ya mikopo niliyotumiwa kwa WhatsApp.

Kwenye simu nyingi za Android, bonyeza kitufe cha kuwashia, kisha shikilia neno Zima hadi uulizwe kuhusu hali salama. Humo programu ulizojiwekea hazifanyi kazi. Simu ikishinda salama siku nzima, iondoe hiyo ya mikopo, halafu uwashe kawaida. Na tafadhali, dada, programu inayoomba kusoma jumbe zako usiipokee kwa WhatsApp. Simu hiyo ndiyo iliyobeba M-Pesa yako.

Naendesha boda Kasarani. Simu naifunga kwenye usukani, mchana inazima mara tatu nne.

Ndugu yangu, hapo jua linaichoma, ramani inafanya kazi, data imewashwa, na bado unaichaji. Ikizidi joto, simu hujizima ili isiungue. Umeme wa pikipiki nao hupanda na kushuka ukitumia soketi ya bei ya chini, bora pawabenki. Mtetemo pia si mzuri: mwaka 2021 Apple ilionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Iweke mfuko wa ndani wa jaketi, usikilize maelekezo kwa sikio moja. Ikipata moto usiitie kwenye friji, unyevu utaingia.

Imekwama kwenye nembo, inazunguka hapo hapo. Fundi anataka kuiflashi, yaani kuiwekea mfumo upya, na ndani kuna picha za marehemu mama yangu.

Pole sana. Usikubali iflashiwe kwanza, kwa sababu mara nyingi kazi hiyo hufuta kila kitu. Toa laini na memori kadi, maana kadi mbovu nayo hukwamisha simu, na huenda picha zimo humo. Ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu nyingine uangalie kama zilihifadhiwa. Kama ni iPhone, kwenye kompyuta chagua kusasisha (Update), usichague kurejesha (Restore). Nambari ya siri ya M-Pesa usimpe fundi yeyote, haihusiki na kazi yake.

Haya yote yakishindikana, kumbuka kwamba simu za kisasa hufunga picha kwa ufunguo ulio kwenye bodi ile ile, hivyo kuing'oa chipu ya kumbukumbu na kuipeleka kwingine hakusaidii. Bodi ikifufuliwa hata kwa saa moja, picha zinahamishika. Mwambie fundi waziwazi unalipia saa hiyo moja, hata simu ikifa baadaye.