Usichukue mkopo kununua hisa za Rockwell kwa ajili ya gawio, soma hii kwanza

Mkuu, hiyo pesa usiitume. Kikundi chenu kinakaa Jumatatu, sawa, nenda ukae nao, lakini fomu ya mkopo usiisaini mpaka umalize kusoma hapa.

Umeandika kwamba uko Nyegezi, hapa Mwanza, fundi umeme wa kiwandani, unataka kuchanganya akiba yako na mkopo wa kikundi zifike milioni 12, ununue hisa za Rockwell Automation au Emerson, kampuni za Marekani zinazotengeneza vifaa vya kuendeshea mitambo ya viwanda, halafu gawio, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, lilipe ada ya watoto wawili, 1,400,000 kwa mwaka. Umeuliza ipi bora kati ya hizo mbili, upitie aplikesheni gani, na fomu ya kodi ya Marekani inajazwaje. Sababu uliyotoa ndiyo iliyoninyima usingizi: kila paneli unayofungua kazini ina chombo cha Allen-Bradley ndani, ambayo ni chapa ya Rockwell, kwa hiyo kampuni ni ya uhakika.

Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwishoni mwa 2021. Nilikuwa fundi wa zamu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Usiku mmoja mtambo wa kugandishia ukazima, msimamizi ananipigia kelele, minofu iko kwenye trei. Nikafungua paneli. Ile taa ndogo ya kijani ya PLC, kompyuta ndogo ya Allen-Bradley inayoamuru mtambo, ilikuwa inawaka kama kawaida, kilichoungua ni kontakta, swichi ya kuwashia mota, ya bei rahisi iliyofungwa pembeni yake, plastiki yake imeyeyuka mpaka inanuka. Nikabadilisha kontakta, mtambo ukaamka. Nikajiambia: chombo hiki hakifi, basi na mwenye nacho hafi. Hilo ni kweli hadi leo, chombo ni kizuri. Lakini uzima wa chombo haukwambii gawio lake litakuwa shilingi ngapi mfukoni mwako, na mimi hilo swali sikuuliza.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kwenye semina ya uwekezaji, ukumbi mmoja Capri Point, kiingilio 50,000 na chakula cha mchana juu yao. Yule mwalimu, jina lake silitaji, alitandika mchoro ukutani: hisa ya Rockwell ilikuwa chini ya dola 150 Machi 2020, sasa inakaribia 350. Akasema gawio la Marekani ni mshahara wa pili, linaingia kila robo mwaka ukiwa umelala. Msinicheke, koti alilovaa siku ile bwana harusi angeliazima. Saa tatu nzima hakutamka kwamba Marekani inakata 30% ya gawio la Mtanzania kabla halijamfikia, kwa sababu nchi yetu haina mkataba wa kodi na wao. Hakusema kwamba kwa bei ile gawio la mwaka mzima lilikuwa kama 1.3% tu ya pesa unayoweka. Na hakusema kwamba kwa kila mmoja wetu aliyejisajili kununua hisa kupitia kiungo chake, yeye alikuwa analipwa. Hilo la mwisho nililijua baadaye, na ndilo linaloniuma mpaka leo, maana alikula mkate na sisi meza moja akatuita wanafamilia.

Nikachukua mkopo wa SACCOS, milioni 8, riba 1.5% kwa mwezi, miezi 24. Nikanunua hisa 10 kwa karibu dola 349 kila moja.

Sasa tuliza akili hapa. Machi 2022 simu ikalia nikiwa kituo cha daladala Buzuruga. Gawio limeingia! Dola 1.12 kwa hisa, mara 10, dola 11.20. Chini yake mstari mwingine: kodi, dola 3.36. Kilichobaki dola 7.84, kwa dola ya wakati ule ni kama shilingi 18,000. Kwa miezi mitatu. Na mwezi huo huo SACCOS walikuwa wamekata riba peke yake 120,000, mbali na marejesho ya mkopo wenyewe, jumla kama 453,000. Nilisimama pale na hiyo simu mpaka daladala mbili zikapita. Jioni nikapitia Mwaloni Kirumba nikanunua sato, nikamwambia mama watoto hii ni faida ya hisa. Akaangalia mfuko, akauliza, "Na mkopo unalipwa na nini?" Sikuwa na jibu.

Halafu samaki wakaadimika, kiwanda kikapunguza zamu, mshahara ukashuka. Marejesho hayakushuka. Juni 2022 soko la Marekani lilikuwa limeporomoka, hisa ile iko kama dola 200. Nikauza zote 10. Nikapata dola 2,000 kasoro makato, mkopo bado unanidai zaidi ya hiyo.

Kampuni siilaumu, na hapa nataka unielewe vizuri. Haikukata gawio hata mara moja katika muda huo, na hisa ilikuja kupanda tena. Mwenye pesa inayoweza kukaa hakuumia. Pesa yangu haikuweza kukaa, kwa sababu ilikuwa ya SACCOS.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu, nimeilipia: anza na shilingi itakayofika mkononi, kisha urudi nyuma mpaka kwenye bei. Usianze na jina la kampuni. Tufanye yako. Rockwell ililipa dola 5.24 kwa hisa katika mwaka wa fedha 2025. Toa 30%, unabaki na kama 3.67. Ada ni 1,400,000. Tuseme dola ni shilingi 2,500, unahitaji dola 560 kwa mwaka. Gawanya: hisa 153. Hata ukiipata kwa dola 250 moja, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 95. Wewe una milioni 12, na sehemu yake ni deni. Ada ya Januari hailipwi hapo mkuu, hata kwa maombi.

Kitu cha pili, nacho ni kanuni ileile ukiitazama upande wa kampuni: angalia mwaka wao mbaya, uone pesa taslimu ilibaki kiasi gani. Biashara ya mitambo ya kujiendesha ina misimu kama ziwa. Wakati vipuri vilipoadimika baada ya korona, mawakala na viwanda viliagiza kupita mahitaji, stoo zikajaa. Walipoanza kula akiba ya stoo, oda zikakauka. Mauzo ya Rockwell yalitoka dola bilioni 9.06 mwaka wa fedha 2023 hadi 8.26 mwaka 2024, faida kwa hisa ikatoka 11.95 hadi 8.28. Gawio wao wakalipandisha, dola 5.00. Ukisoma faida tu utasema gawio ni kama 60% ya faida, wana nafasi. Soma taslimu: baada ya uendeshaji na kununua mitambo yao walibaki na dola milioni 639, na gawio lilimeza kama milioni 570. Karibu senti 90 za kila dola. Walimudu, lakini hapo ndipo unapojua nafasi waliyokuwa nayo, siyo kwenye mchoro wa bei uliotandikwa ukutani. Hiyo taarifa ya mtiririko wa fedha ipo bure kwenye ripoti ya mwaka. Yule mwalimu hakutuonyesha hata ukurasa wake.

Emerson imeongeza gawio kila mwaka tangu miaka ya 1950, ililipa dola 2.10 mwaka 2024. Ina heshima yake. Lakini ile 30% inakatwa vilevile, na ukipiga hesabu yako utakuta pengo ni lilelile.

Kama unachotaka ni pesa ya ada kweli, hapa nyumbani gawio la kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa la Dar es Salaam linakatwa kodi 5% tu. Na wakati mimi nakimbilia Capri Point, hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ilikuwa inalipa 15.95% kwa mwaka, kabla haijashushwa hadi 12.56% mwaka 2022. Nilikuwa napita nje ya tawi la Benki Kuu hapa Mwanza kila wiki, sikuingia hata siku moja.

Akiba yako, ile isiyo ya kikundi, ukitaka kuiweka kwenye Rockwell ikae miaka kumi bila kuigusa, sina ugomvi na wewe, hata mimi nitarudi siku moja. Ya kikundi iache kwenye sanduku la kikundi. Leo usiku chukua kalamu, piga hesabu ya shilingi itakayofika mkononi kwa bei ya leo, weka na riba ya mkopo pembeni yake, halafu ziandike hapa zote mbili kabla hujaonana na mweka hazina.