Kanga Moja, Masomo Matatu: Kompyuta Mikononi mwa Wanafunzi

Mwaka shule yetu ilipopata projekta nilidhani kazi imekwisha. Niliandaa picha za kupendeza, nikafunga mapazia, na wanafunzi wa kidato cha pili wakatazama kwa utulivu kama watu walio mbele ya televisheni. Nilipowapa zoezi la kubuni, karibu madaftari yote yalirudi na michoro ileile niliyoionyesha ukutani. Tangu hapo nimeshikilia jambo moja ambalo ninamsihi kila mwalimu alijaribu: kifaa kikae mikononi mwa mwanafunzi, na kazi iwe kutengeneza kitu anachokijua tangu nyumbani, chenye masharti asiyoweza kuyakwepa.

Kwangu kitu hicho kilikuwa kanga, kwa kuwa ina pindo (pambo la ukingoni), mji (sehemu ya katikati) na jina (msemo ulioandikwa juu yake), na sehemu hizo hugusa masomo kadhaa bila kulazimishwa. Tulitumia GeoGebra, programu ya hisabati iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001, ambayo hupakuliwa bure na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Nilitoa vipimo vya sentimita 150 kwa 110, nikawataka wachore ua moja tu la pindo, kisha walisogeze, waligeuze kama kwenye kioo au walizungushe mpaka limalize pande zote nne.

Kundi moja lilichora korosho yenye upana wa sentimita 15. Upande mrefu zilikaa kumi barabara, lakini upande mfupi zikaingia saba na kuacha pengo la sentimita 5. Msichana aliyeshika kipanya aliivuta korosho, akaipunguza, akaikuza tena, akanyamaza kitambo, kisha akawaambia wenzake, “Tutafute namba inayogawa zote mbili.” Kigawo kikubwa cha shirika, walichokikariri shule ya msingi, hatimaye kilipata kazi. Wakachagua sentimita 10, na kila walipofika pembeni wakaizungusha korosho nyuzi 90.

Jina nilimwachia mwalimu wa Kiswahili, naye akakataa kila jina lililokwisha kuvaliwa mtaani. Lililonigusa zaidi lilikuwa “Ulichonificha nimekiona kwa jirani.” Mwalimu wa historia aliwaeleza jinsi leso zilivyounganishwa pwani katika karne ya 19 zikazaa vazi hili.

Kama kompyuta ni chache, kama zetu, anzeni kwenye karatasi ya grafu. Hata umeme ukikatika, kazi haisimami. Wapeni zamu za kushika kipanya, la sivyo atakishika mmoja muhula mzima. Msitoe alama kwa mng’ao wa kazi iliyochapishwa, bali kusanyeni pia michoro iliyoachwa njiani. Mwaka jana nilitoa alama ya juu kwa kanga ambayo pindo lake halikukutana pembeni, kwa sababu waliibuni wenyewe na kuambatanisha majaribio saba, kila moja likieleza lilikwama wapi.