Mtoto akikuletea fomu ya bendi

"Mama, nimejiandikisha bendi."

Binti yangu alinitangazia hivyo mwezi wa tano, akiwa anamalizia darasa la tano, huku anavua viatu mlangoni. Mimi nimekulia Moshi. Nikisikia bendi naona Msondo na Sikinde: ukumbi, meza zimejaa chupa, wapuliza saksafoni wamevaa sare wanayumba upande mmoja. Nikamuuliza, bendi gani hiyo na wewe una miaka kumi na mmoja? Akanipa fomu. Kumbe ni bendi ya shule. Ni somo kama hisabati, liko kwenye ratiba, lina mwalimu wake na alama zake zinaingia kwenye ripoti.

Naandika kwa wazazi wenzangu wa Kiswahili tulioko huku Marekani, maana fomu hiyo itakufikia na wewe, mara nyingi mtoto akiingia darasa la tano au la sita, na itakuja na maneno ambayo hata aliyesoma Kiingereza miaka yote hayaelewi. Binti sasa yuko mwaka wa tatu wa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza. Makosa yangu karibu yote niliyafanya ndani ya miezi sita ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Kosa la kwanza lilikuwa la pesa. Fomu ilisema ala ikodishwe dukani, dola 27 kwa mwezi. Nikapiga hesabu ya miezi tisa, nikaona ni wizi. Usiku nikaingia mtandaoni, nikakuta klarineti mpya kabisa kwa dola 80, na mkoba wake, na kitambaa, na glavu nyeupe. Glavu za nini hadi leo sijui. Nikanunua, nikalala nimejipongeza.

Wiki ya tatu ya shule nilikuwa kwa fundi wa ala. Aliifungua, akazima taa ya mezani, akaingiza taa ndogo nyembamba ndani ya bomba la klarineti. Mwanga ukatokeza pembeni mwa pedi karibu zote, zile pedi zinazoziba matundu ukibonyeza. Palipopita mwanga ndipo hewa inapotoroka, akanieleza. Angeweza kukaza, lakini chuma cha vibonyezo kilikuwa laini, kingepinda tena baada ya wiki. Hakunitoza kitu. Dola 80 nilizisahau mapema. Ambacho sijakisahau ni kwamba mtoto alikuwa amekaa wiki mbili nzima akijibana chumbani, amevimbisha mashavu, akiamini kwamba wenzake wana kipaji na yeye hana.

Basi kodisha. Tafuta ule mkataba ambao kodi unayolipa inahesabiwa kama sehemu ya bei, ili mtoto akiendelea ala iwe yenu, na uchukue ile bima ya matengenezo ya dola chache, kwa sababu ala itaanguka. Kama kodi yenyewe ni mzigo, mwandikie mwalimu wa bendi na useme hivyo bila kuzunguka. Shule nyingi zina ala za kuazimisha, hasa zile kubwa ambazo hakuna familia inayotaka kuzinunua, tuba na wenzake. Mimi niliona aibu kuuliza, na aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka mtandaoni. Ukipata ya mkononi kwa mtu usilipe kwanza, mpelekee mwalimu aipulize.

Kuhusu ala ipi achague sina mengi. Baba yangu alipuliza tarumbeta usharikani kwetu, kanisa la Kilutheri (KKKT), Pasaka na mazishi na harusi, nami nilitaka mjukuu wake ashike tarumbeta. Mwalimu aliwajaribisha watoto vipulizio, zile sehemu zinazowekwa mdomoni, vya ala mbalimbali, wa kwangu midomo yake ikakubali klarineti, na yeye mwenyewe akaikubali. Nikanyamaza.

Sasa ridi. Hili neno utalisikia mpaka usingizini. Kama umewahi kuona zumari la Waswahili wa pwani, unakumbuka kile kiulimi kidogo cha jani mpuliziaji anachokiweka mdomoni. Klarineti na saksafoni nazo zina ulimi, ndiyo hiyo ridi, kipande chembamba kilichochongwa kwenye tete, na matete yanayosifika zaidi hulimwa kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Var. Kipande hicho ndicho kinachotetemeka na kutoa sauti. Hizo nyingine zote ni bomba. Kina namba ya ugumu. Anayeanza hupewa 2 au 2.5, na usidanganyike kwamba namba kubwa ndiyo ubora. Kina ncha nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, kikigusa jino au kola ya sweta kimekwisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa namnunulia kimoja kimoja, na kila kilipovunjika ilikuwa Jumapili usiku. Nunua boksi. Mfundishe kutumia vitatu kwa zamu, na akimaliza kupuliza akivue, akifute, akiweke kwenye kifuko chake. Kikiachwa kwenye ala kinaota ukungu. Nimekiona ukungu huo kwa macho yangu, wa kijani, na mtoto alikuwa anataka kuendelea nacho.

Asuuze mdomo kwa maji kabla ya kupuliza, hasa akitoka kunywa soda. Ala isilale ndani ya gari, si kiangazi wala wakati wa theluji.

Tukija kwenye sauti, nikwambie ukweli: ni mbaya. Miezi miwili mitatu ya mwanzo utasikia bata, mlango usiotiwa mafuta, na kitu ambacho sina jina lake. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, na jirani wa chini ni mzee anayeishi peke yake. Nilimpelekea chapati sita na kumweleza kwamba kutakuwa na klarineti kila siku saa kumi na mbili jioni, dakika ishirini, na kwamba saa mbili usiku ikipita hataisikia. Tangu hapo tukikutana kwenye ngazi ananiuliza maendeleo.

Nilichokosea mimi ni uso wangu. Sikuwahi kumwambia mtoto anyamaze, ila ile sauti kali ikitoka nilikuwa nafumba jicho moja. Siku moja akaniambia, "Mama ukifanya hivyo najua." Nikaacha kusimama mlangoni, nikaanza kukaa naye. Nikamwambia anifundishe. Akaniwekea vidole, akanipangia midomo, nikavuta pumzi yote ya Kilimanjaro, nikapuliza. Ikatoka hewa tupu. Nikajaribu tena, hewa. Mara ya nne ikatoka mlio wa mbuzi, mtoto akaanguka sakafuni kwa kucheka. Jioni ile alipuliza zaidi ya nusu saa bila kuambiwa, ananionyesha.

Na ile milio ya kukwaruza mara nyingi ina sababu unayoweza kuiona kwa macho, hata kama hujui nota hata moja. Akimaliza kupuliza mwambie akuonyeshe ncha za vidole. Matundu ya klarineti huacha alama. Kidole chenye duara kamili kimeziba vizuri. Chenye nusu duara kimeacha upenyo, na mlio umetokea hapo. Mwalimu ndiye aliyenionyesha hilo, na tukalifanya mchezo, tunahesabu maduara kabla ya kula.

Niseme na hili la kinanda, kwa kuwa najua nyumba nyingi zetu zina mtu wa kwaya. Mjomba wake hupiga kinanda kanisani. Alikuja Jumamosi moja akataka wapige pamoja. Mtoto akapuliza C, mjomba akabonyeza C, nyumba ikajaa kelele ya ugomvi. Mjomba akasema mtoto anakosea. Mtoto akaangalia kitabu, akabonyeza vilevile, kelele ileile. Machozi yakaanza kulenga. Kumbe wote wawili walikuwa sawa. Klarineti ya wanafunzi ni ya B flati: ikisomewa C inatoa sauti ambayo kinanda kinaiita B flati, hatua nzima chini. Tarumbeta nayo ni hivyohivyo. Saksafoni alto ni ya E flati, hiyo iko mbali zaidi. Filimbi na tromboni hazina shida hiyo. Mwalimu alipotueleza, mjomba alishusha transpozi ya kinanda, kile kitufe cha kuhamisha sauti, hadi -2, wakapiga wimbo wa nota tano mwanzo hadi mwisho, kisha akamwomba mpwa wake radhi mbele yetu. Kwa hiyo usikimbilie kumsahihisha mtoto kwa kuwa wewe ni mwanakwaya. Halafu sisi tumezoea sol-fa, do ikihamishwa inahama, wao wanasoma mistari mitano na herufi. Kinachokufaa kutoka kwaya ni sikio la mapigo: mpigie makofi taratibu akipuliza, uone anakimbilia wapi.

Kuna karatasi ya mazoezi inayotakiwa sahihi ya mzazi kila wiki. Nilikuwa naisaini Ijumaa asubuhi juu ya usukani, dakika mia, bila hata kusoma. Mtoto akishajua sahihi yako inapatikana hivyo, karatasi haina maana tena. Kilichotusaidia ni sufuria. Nikibandika maji ya ugali, yeye anaunganisha klarineti. Jikoni namsikia bila kumsimamia, na ugali ukiiva naye amemaliza. Dakika ishirini za kila siku zinazidi saa mbili za Jumapili kwa mbali, kwa sababu midomo na mashavu ni misuli, na misuli ya mtoto inachoka upesi. Simwambii tena "rudia, umekosea." Namuuliza leo sehemu gani ilikuwa ngumu, nayo ndiyo ninayoomba kuisikia nikiwa nasonga.

Jirani zetu wengine, Wakongomani wa Bukavu, kijana wao anapuliza tarumbeta. Siku moja kipulizio kikakwama, kama vinavyokwama vyote vikidondoshwa au vikigongwa kwa kiganja. Baba mtu, fundi magari, akachukua koleo. Bomba likapinda kama mrija wa soda. Walimu wa bendi wana kifaa maalumu cha kuvuta kipulizio, kazi ya dakika moja, bure. Mafundi magari, nawaheshimu, lakini hapa wekeni koleo chini.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata ndipo binti aliposema anataka kuacha. Sikushangaa baadaye nilipojua walikuwa wamefika wapi kwenye kitabu. Klarineti ina mahali pa kuvuka: nota A inapulizwa vidole karibu vyote viko hewani, na inayofuata, B, inataka vidole karibu vyote vishuke kwa pamoja na gumba la kushoto liguse kibonyezo cha nyuma. Kidole kimoja kikichelewa, ni mlio wa filimbi ya trafiki. Watoto waliokuwa wameanza kujisikia wapuliziaji wanarudi kuwa bata. Tulikuwa tumekubaliana tangu Septemba kwamba mwaka wa shule haukatizwi, na mwezi wa sita ataamua mwenyewe, mimi sitasema kitu. Nikamkumbusha hilo tu. Pia nilimwomba mwalimu amsikilize dakika kumi wakati wa chakula cha mchana; ilikuwa ridi, ilikuwa imechoka na laini mno, na gumba lilikuwa limekaa vibaya. Mwezi wa sita sikumuuliza. Alileta fomu ya mwaka wa pili mwenyewe.

Onyesho la Desemba linataka suruali nyeusi na shati jeupe. Tafuta mitumbani Septemba, Desemba wenzako wameshamaliza saizi. Mfikishe saa waliyoandika, si saa ya onyesho. Na usiondoke kundi la mwanao likishuka jukwaani. Wakubwa hupiga mwisho, na ni vizuri aone anakoelekea.

Desemba ya mwaka wa pili Bibi alikuwa ametutembelea kutoka Machame. Kwake yeye matarumbeta ni harusi: pikapu mbele, vijana wamesimama nyuma wanapuliza, na anayefurahi anawatunza kwa noti. Ukumbi ukanyamaza, mwalimu akainua mikono, nami nikaona Bibi amesimama, khanga juu ya koti la baridi, noti ya dola kumi mkononi, anatafuta njia ya kwenda mbele. Nikamkamata mkia wa koti. "Mbona hamtunzi?" akaninong'oneza kwa sauti ya sokoni. Akakaa, lakini hakukubali kushindwa, akapiga kigelegele. Ukumbi mzima ukageuka. Jukwaani nikamwona binti anabana midomo, na klarineti haipulizwi huku unacheka. Nota zote za mwanzo zikampita.

Kwenye maegesho, tuko chini ya sifuri, Bibi akataka apigiwe tena, palepale, ile aliyoikosa. Mtoto akamwambia haiwezekani, ala ikipoa sauti inashuka, na yeye hapigi kitu kisicho na sauti yake. Bibi akanitazama. Akafungua mkoba wa klarineti mwenyewe, akaitia ile noti chini ya kitambaa, akaufunga.

Jumatatu zile dola kumi zikanunua ridi tatu.